Jina Alilokataa Kulitaja Akko Tume

Kwanza tafuteni choo. Naam, mmenisikia vizuri. Kabla ya kuita mkutano wa wazee, kabla ya kukodi viti na kuhangaika na kipaza sauti, nendeni mkaone choo kiko wapi, kina mlango au hakina, na mzee mwenye mkongojo atapanda ngazi ngapi kukifikia. Mimi Mama Mwenda nimetetea wazee hapa Isiolo mpaka nikawa mzee wa kutetewa, na nawaambia mikutano yetu mingi haikuharibiwa na wakubwa wa serikali. Iliharibiwa na choo. Mzee akibanwa hasemi. Anainuka polepole, anakwambia anaenda kuangalia mbuzi, na harudi tena. Wewe unabaki hapo na karatasi yako ya ajenda, unasema wazee hawajali haki zao.

Najua nyinyi mna simu. Mnajaza fomu kwa kidole, mnapiga picha kitambulisho, mnatuma, mnamaliza, mnakunywa soda. Sisi tulikuwa na daftari, wino wa mhuri na miguu. Siwaonei wivu. Haya, nawaonea kidogo. Lakini juzi msichana mmoja wenu aliniuliza, "Shosho, kwani kazi yenu hasa ilikuwa gani?" Nikamwambia ilikuwa kungoja, kubembeleza na kugombana, kwa mpangilio huo. Akacheka akidhani ni mzaha. Siku niliyoubadilisha mpangilio huo, nikaanza na kugombana, nilikaribia kumpotezea mama mmoja nyumba yake. Nitafika huko. Msiniharakishe, kuharakishwa ndiko kulikoniponza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Juma, Mungu amrehemu. Dereva wa lori mstaafu, mjukuu wa askari waliokuja na jeshi la mkoloni wakabaki hapa. Alijua kila njia ya kaunti hii na kila mti ambao lori lake liliwahi kuharibikia chini yake. Tulipoanzisha chama chetu cha kutetea wazee yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na mimi katibu, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilikuwa mwanamke wa Kimeru kutoka kule juu kwenye baridi, mwenye sauti ya darasani na hakika ya kila kitu.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Oldonyiro. Vumbi lilituingia mpaka kwa meno. Wazee walikuwa wamekaa wakitungoja, na mimi nikashuka nikafungua faili. Nikaanza. Haki ya kutibiwa! Haki ya kutodharauliwa! Haki ya kusikizwa! Nilisema saa nzima nikiwa nimesimama, mkono ukienda juu na chini. Nilipomaliza, mzee mmoja akamgeukia Juma, akauliza, "Huyu mama ametoka kwa nani? Watoto wake wako salama?"

Sikuwa nimewasalimia, jamani. Watu wazima wenye mvi, nawafundisha heshima, na sijawasalimia. Juma alicheka njia nzima mpaka tukarudi mjini. "Mwalimu," akaniambia, "wewe umewasomea haki ya kusikizwa saa moja bila kuwasikiza dakika moja." Tangu hapo nikawa nakaa chini kwanza. Mwislamu nampa salaam aleikum, Mkristo namwuliza habari, halafu naingia kwa mvua, kwa mifugo, kwa goti. Goti la mzee ni habari kubwa, msiliruke. Mtu akishakueleza goti lake limeanza kuuma lini, atakueleza pia ni mtoto gani anamnyima chakula.

Mengine ni ya mikono tu. Mashine ya alama za vidole ikimkataa mzee, msimpigie kelele "Bonyeza! Bonyeza!" kama tulivyokuwa tunafanya. Vidole vilivyochota maji, vilivyokamua na kuchanja kuni miaka yote hiyo vimelainika, mistari imeisha. Mnawishe maji ya vuguvugu, mpake mafuta kidogo, umpanguse vizuri, ujaribu kidole cha pete. Na foleni ikiwa ndefu, msiombe wazee watangulizwe. Ombeni benchi. Ukiomba watangulizwe, vijana watanuna na mabishano yatachukua asubuhi yote. Ukiomba benchi hakuna anayekataa, na mzee akishakaa mbele pale kwa mlango, nani atamruka?

Maandamano pia yana akili yake. Ya kwanza yetu tuliyapanga saa sita ya mchana. Saa sita, Isiolo! Nilitaka wakubwa watuone wakitoka kwa chakula. Tuliondoka na wazee wengi na mabango, tukafika na mabango. Wazee walikuwa wamebaki nyuma kivuli hadi kivuli, kila mmoja akinywa maji ya duka fulani. Yale ya pili tulitoka saa moja asubuhi, tukafika kabla ya ofisi kufunguliwa, tukakaa kimya mlangoni. Wakubwa walikuja wakakuta wazee wamekaa chini kwa lango, na hakuna mtu aliyetaka kuwa wa kwanza kupita juu ya miguu ya bibi yake. Siku hiyo tulipata dirisha letu la wazee kule zahanati, na lipo mpaka leo.

Kwa hiyo msidhani nilikuwa mwanagenzi wakati wa jambo la Akko Tume. La! Nilikuwa na miaka ya kutosha kazini. Nilikuwa najua Kiborana, si cha kuokotea sokoni, cha kuongea. Hilo ndilo lililonidanganya.

Akko ni bibi, nyanya, kwa Kiborana. Akko Tume alikuwa akiishi Kiwanjani, kwenye ploti ndogo yenye nyumba ya mabati ya vyumba viwili na mti wa mwarobaini. Mumewe alikuwa amefariki. Mungu hakuwajalia mtoto. Walioana zamani kwa ng'ombe na kwa baraka za wazee, hawakuwa na karatasi, na barua ya kugawiwa ploti ilikuwa na jina la mume peke yake. Baada ya kiwanja cha ndege kupanuliwa kila mtu akaanza kuitazama Kiwanjani kwa jicho lingine, na hapo ndipo akatokea Guyo, mtoto wa ndugu wa huyo mume. Mwanamume wa kama miaka thelathini na tano, muuza vipuri vya magari, mwenye kiatu kinachong'aa hata wakati wa vumbi. Akapeleka malalamiko kwa kamati ya mashamba ya mtaa. Akasema yule mama hakuwa mke wa baba yake mkubwa. Alikuwa mpishi tu, marehemu alimhifadhi kwa huruma, na sasa muda wake umefika wa kutafuta kwao.

Kwao wapi? Akko Tume alikuwa amezeeka hapo. Ndugu zake wote walikuwa wamekwisha. Akitolewa kwenye ile nyumba hakuwa na mahali pengine pa kulaza kichwa, ilikuwa hiyo au barazani kwa watu.

Nilijiandaa kama mwalimu anavyojiandaa. Nilipiga nakala ya barua, nikaandika kurasa tatu kwa mwandiko wangu mzuri. Siku ya kusikizwa, Juma alikuwa anaumwa, akanitumia ujumbe: "Msianze bila yule mjumbe wa Kiborana." Tulipofika kwenye ukumbi wa mtaa tukaambiwa mjumbe huyo, mzee wa kamati, ameenda soko la mifugo Oldonyiro, atarudi wiki ijayo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ofisa mgeni, ametoka mbali upande wa ziwa, mtu mpole anayeandika kila kitu. Akauliza, "Mama Mwenda, tuahirishe?" Waliobaki pale walikuwa Wameru wenzangu wawili na mama mmoja Mturkana.

Nikasema tuanze. Nani aliniambia? Pupa tu. Nilikuwa na kurasa zangu tatu na nilitaka kuzisoma.

Nikazisoma vizuri kweli. Nilipokaa chini, Guyo akasimama, akatabasamu. Akamwambia mwenyekiti, "Mheshimiwa, mimi sina maneno mengi kama mwalimu. Nina swali moja tu. Kama huyu alikuwa bibi ya baba yangu mkubwa, ataje jina lake. Jina lake tu."

Mwenyekiti akaona ni jambo dogo. Hata mimi nililiona dogo. Nikamgeukia Akko Tume na moyo mweupe.

"Mama," mwenyekiti akasema, "mume wako alikuwa anaitwa nani?"

Akko Tume akatazama chini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, shuka begani, mikono miwili juu ya fimbo.

"Alikuwa mzee yangu," akasema.

"Jina lake?"

"Mwenye nyumba. Mzee ya mimi."

"Jina, mama. Hulijui?"

Guyo akafungua mikono kama mtu asemaye, mmeona wenyewe. Na mimi, badala ya kufikiri, nikapandwa na hasira. Nikainama sikioni mwake nikamwambia kwa Kiborana, sema jina, Akko. Hakujibu. Nikarudia kwa sauti. Halafu, Mungu anisamehe, nikasimama mbele ya watu wote nikampigia kelele kama mtoto wa darasa la tatu aliyesahau jedwali la mara: "Sema jina! Unajiharibia mwenyewe! Unataka nifanye nini kama husemi?"

Aliinua macho akaniangalia. Yule mama alikuwa amenikaribisha kwake mara ngapi, na siku hiyo aliniangalia kama mtu asiyemjua. Mwenyekiti akaandika kwamba mlalamikiwa ameshindwa kutaja jina la anayedai ni mumewe, akatupa wiki moja, kisha ataamua.

Nilienda moja kwa moja kwa Juma, nikamkuta kitandani na blanketi, nikalia. Nililia kwa uchungu na kwa aibu. Nikamwambia yule mama amenisaliti, nimemfanyia kazi yote na yeye ameng'ang'ania kunyamaza. Juma akaniacha nimalize.

"Umemwuliza kwa nini?"

"Nimemwuliza jina mara kumi!"

"Sijasema jina. Nimesema kwa nini."

Nkt! Mtu mgonjwa na bado ananishinda.

Kesho yake asubuhi nikaenda Kiwanjani. Akko Tume alinifungulia, akaweka chai jikoni, na hakunisemesha mpaka chai ikachemka, ikamiminwa, ikapoa. Nikamwambia, "Akko, samahani. Nimekukosea mbele za watu." Akanywa. Kisha akanieleza, polepole, kwa Kiswahili chake, nadhani kwa sababu Kiborana changu kilikuwa kimemchosha.

"Mwanamke ameolewa hapana taja jina ya bwana. Akiwa hai, hapana. Akikufa, hapana kabisa. Jina ya baba yake pia, hapana. Hata watoto wadogo wanajua."

"Lakini nyumba itaenda, Akko."

"Nikitaja, nimemtupa. Nikimtupa, mimi nani kwa hii nyumba? Mpishi. Guyo atakuwa amesema ukweli."

Guyo alijua. Amezaliwa ndani ya desturi hiyo, amenyonyeshwa nayo, na alichagua swali hilo akijua kwamba ni mke wa kweli peke yake ambaye hataweza kulijibu. Na aliliuliza siku ambayo mjumbe wa Kiborana hayuko. Mimi ndiye niliyempa siku hiyo. Nilijua lugha ya wale watu, jamani, nilijua kuuliza bei na kuuliza ugonjwa, lakini adabu iliyo ndani ya lugha sikuijua.

Nikaanza kupanga. Nikasema nitaandika kurasa nyingine, nitaeleza desturi, nitaleta mashahidi. Akko Tume akaniwekea mkono gotini.

"Wewe nyamaza," akasema. "Umesema mingi. Wiki ijayo mimi nitasema."

Ah, hilo neno lilinichoma! Mimi niliyekuwa nikihubiri haki ya kusikizwa. Lakini nikanyamaza. Wiki ile ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote nilizofanya kazi, kwa maana kila nikishika kalamu naiweka chini.

Siku ya pili ya kusikizwa mjumbe wa Kiborana alikuwepo, na Juma alikuja amejifunga kabuti. Guyo alikuja na familia yake nzima ili kamati ione nani atakaa kwenye ploti. Mkewe, Qabale, alikuwa msichana wa mjini, dera la maua na simu mkononi, amekaa mlangoni na binti yao Fatuma miguuni pake.

Mwenyekiti akafungua kitabu chake. "Mama, nakuuliza tena. Leo utataja jina?"

"Hapana," akasema Akko Tume. Mwenyekiti akataka kuandika, mama akaendelea. "Lakini niko na kitu nataka. Uliza bibi ya Guyo jina ya bwana yake."

Nyinyi mnawajua wasichana wa siku hizi. Wanaita waume zao kwa jina, wanawaita "beb", wanawaandika hivyo kwenye simu. Nikajua Qabale atafungua mdomo aseme "Guyo," kwisha, na mama huyu atakuwa amejichimbia shimo mwenyewe. Nilitaka kusimama. Juma akanishika kitambaa cha nyuma ya gauni, akanivuta nikae.

"Mama wa mlangoni," mwenyekiti akasema. "Samahani. Wewe ni bibi ya nani?"

"Ya baba Fatuma," Qabale akajibu.

"Anaitwa nani?"

Qabale akamtazama mumewe. Guyo akamwashiria kwa kidevu, sema. Akamtazama Akko Tume. Akavuta mtandio ukafunika mdomo.

"Sema, Qabale," Guyo akasema. "Sema tu, ni kamati hii."

"Hujui jina lake?" mwenyekiti akauliza.

"Najua."

"Mbona husemi?"

"Kwa sababu ni bwana yangu," Qabale akasema.

Yule mama Mturkana wa kamati akapiga makofi mara moja na kusema, "Ahaa!" Wameru wenzangu wakatazamana. Mwenyekiti, mpole wetu yule, akaweka kalamu chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akamgeukia Guyo. "Bwana Guyo, kwa hivyo huyu naye ni mpishi?"

Watu walicheka mpaka nje. Mjumbe wa Kiborana hakucheka. Alimwambia Guyo maneno machache kwa Kiborana, ambayo niliyaelewa yote na siwezi kuwatafsiria, kwa kuwa yalihusu malezi na mama yake. Guyo akaketi. Kile kiatu chake kilikuwa kinang'aa bado.

Mwenyekiti akashika kalamu tena. Akasema ploti inabaki kwa mjane, na kwamba ataliandika jambo hilo sasa hivi ili lisirudiwe. Akaandika mistari kadhaa, kalamu ikasimama. "Tume, mjane wa..." Akainua kichwa. "Mjane wa nani? Barua ile na nakala yake ziko ofisini, na lazima niandike jina hapa."

Akko Tume akatazama chini. Qabale akatazama chini. Mjumbe wa Kiborana alijua jina hilo vizuri, ila alikuwa ameanza kutabasamu na hakusaidia mtu. Ndipo Akko Tume akanigeukia, akanisukuma kwa ncha ya fimbo yake.

"Mwalimu," akasema. "Sasa sema. Wewe hukuolewa na yeye."

Nikasimama. Nikalitaja, jina lake na la baba yake, mara moja, na mwenyekiti akaliandika. Akko Tume alikuwa ameziba masikio kwa shuka, na machozi yalikuwa yanamtoka. Na nyinyi msiniulize lilikuwa jina gani, kwa maana sijalitaja tena tangu siku hiyo.